Nani Atalisha Nyumba Mfupa Ukiunga?

Somo: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, Marko 5:35-43



Ujumbe huu niliuhubiri Jumapili iliyopita kwa zamu ya mchungaji wetu, na wengi mliomba uchapishwe wote, hata ile sehemu iliyonitoa jasho. Nimeuandika karibu kama nilivyousema. Nimepunguza haleluya kidogo na kuongeza mambo mawili matatu ambayo saa haikuniruhusu. Ndugu yetu ninayemzungumzia ameusoma kabla haujaenda kwa mchapaji. Alisema nisiandike jina lake, ingawa hapa Mwabungo hakuna asiyemjua, na alinisahihisha mahali pawili.

Ndugu yetu ni mkwezi. Anaangua nazi katika mashamba ya watu, analipwa kwa idadi ya minazi, na siku ambayo hakukwea hana cha kupeleka nyumbani. Mwezi wa tano, mvua ya masika ikiwa imelowesha vidato, aliteleza kwenye mnazi anaoujua tangu akiwa mtoto. Akaanguka na kutua kwa mguu wa kulia. Mfupa wa muundi ukavunjika, katikati ya goti na kifundo cha mguu. Mungu ni mwema, ngozi haikupasuka. Hospitalini alipigwa picha, mguu ukanyooshwa, akafungwa plasta kutoka kwenye wayo mpaka juu ya goti. Akapewa magongo mawili na tarehe ya kurudi.

Wiki ya saba tukawa na kesha. Mhubiri nilikuwa mimi.

Nisiwafiche. Ilikuwa saa tisa usiku, mikono ilikuwa imeanza kushuka, watoto wamelala kwenye mikeka na wazazi nao wanawafuata. Nilitaka moto. Nikamwona ndugu yetu kwenye benchi la kwanza, magongo yameegemea ukuta, nikamwita. Nikamwambia, kwa jina la Yesu, yaache magongo hapo hapo, njoo. Akaja. Hatua 11 na plasta yake, kutoka benchini mpaka madhabahuni, nilizihesabu. Mnakumbuka kelele zile. Mnakumbuka wale walioyabeba magongo wakazunguka nayo kanisani kama nyara za vita. Mimi niliondoka asubuhi ile nikijisikia kama Eliya akishuka Karmeli.

Yaliyofuata hamkuyaona. Jumatatu alitumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji, plasta ikalainika, akaikata kwa kisu. Jumatano alikuwa shambani, si juu ya mnazi, ila akibeba magunia ya nazi mpaka barabarani. Wiki mbili mguu ukavumilia. Wiki ya tatu ukaanza kuvimba kila jioni, halafu ukaanza kupinda. Aliyeona umepinda ni mkewe. Yeye mwenyewe aliona na akanyamaza, kwa sababu aliogopa kwamba akisema unauma atakuwa amemfanya Mungu mwongo. Wapendwa, angekuwa amenifanya mimi mwongo, na hapo angekuwa sawa kabisa.

Picha ya pili ilionyesha mfupa umeanza kushikana ukiwa umepinda. Ikabidi apasuliwe, pale palipoanza kuunga paachanishwe, mfupa unyooshwe upya na kuwekewa chuma ndani. Daktari alimuuliza ni nani aliyetoa plasta. Akajibu, "Ni mimi mwenyewe." Hakunitaja. Hili ni mojawapo ya yale mahali pawili aliponisahihisha: mimi nilikuwa nimeandika kwamba alinitaja, kwa kuwa ndivyo nilivyostahili.

Nilienda kwake nikiwa na maneno yangu ya toba nimeyapanga vizuri, kuhusu imani na mafundisho na jinsi nilivyokosea. Mkewe akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Pasta, mimi nilimwona akiikata ile plasta. Na sikumzuia. Nyumba haikuwa na unga siku ya pili."

Nilikuwa nimekuja kulipa deni moja, nikakuta kuna lingine kubwa zaidi ambalo sikuwa hata nimeliandika kitabuni.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi. Mnajua mimi nilisomea biashara, sikusomea udaktari. Kwa hiyo nilimtafuta dada yetu muuguzi, nikamsumbua pia yule mtaalamu anayewafundisha wagonjwa kutembea tena, nikasoma nilichoweza kusoma. Niliyojifunza nataka na wewe uyajue, kwa sababu katika njia hii ya Lunga Lunga, na hizi boda zetu, na hii minazi yetu, karibu kila nyumba itafikiwa na jambo hili siku moja.

Mfupa ukivunjika, damu inavuja pale penye ufa na kuganda. Pamevimba, pana moto, panauma. Tunauona uvimbe ule kama uharibifu, kumbe kazi imeshaanza. Donge lile la damu ndilo msingi, na ndani yake mwili unatuma wasafishaji wa kuondoa vipande vilivyokufa. Baada ya siku chache mwili unaanza kusuka kitu laini kuunganisha ncha mbili, na kufikia wiki ya pili au ya tatu pale pana gegedu, kama ile ngumu-laini iliyo kwenye sikio lako. Gegedu hiyo haionekani vizuri kwenye picha ya hospitali, kwa sababu bado haina chokaa ya kutosha. Ukitazama picha unaona ufa uko wazi, unadhani hakuna kinachotendeka. Baadaye chokaa inaingia, gegedu inageuka kuwa mfupa mchanga, na wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili hivi unaweza kupapasa ukasikia kinundu kigumu. Hapo bado si mwisho. Kwa miezi, hata miaka, mwili unakichonga kile kinundu: wako wafanyakazi wanaokula mfupa usiohitajika na wako wanaojenga unaohitajika, usiku na mchana, wewe hujui.

Mtoto anaunga haraka. Kifundo cha mkono wa mtoto kinaweza kushika kwa wiki tatu au nne. Muundi wa mtu mzima ni habari nyingine: wiki 16 ni kawaida, na wengine wanapita hapo, hasa kama jeraha lilikuwa wazi au mgonjwa anavuta sigara. (Ndiyo, tumbaku inachelewesha mfupa. Hii si sheria ya kanisa, ni damu kushindwa kufika mahali inapohitajika.)

Sasa sikiliza jambo lililonipiga. Maumivu huondoka kabla nguvu haijafika. Wiki ya sita au ya saba, plasta imetulia, ile gegedu imeshikilia, mgonjwa halalamiki tena. Anajisikia mzima! Na pale pana kitu ambacho hakijakomaa bado. Kwa hiyo usiku ule nilipomuuliza ndugu yetu, mbele yenu wote, "Unasikia maumivu?" naye akajibu "Sisikii," alisema kweli. Nami nilichukua ile kweli nikaitumia kama risiti ya malipo ambayo yalikuwa hayajafika hata nusu.

Kuna jambo lingine naomba mlifute kwenye madaftari yenu, wale mnaoandika. Nimewahi kuhubiri hapa kwamba mfupa ukivunjika ukaunga, pale ulipovunjika panakuwa na nguvu kuliko zamani, na kwamba hivyo ndivyo na maisha yako yatakavyokuwa. Mlipiga makofi sana. Si kweli. Kwa muda fulani pale panakuwa nene, kama kile kinundu anachoacha fundi wa kuchomelea, lakini mwili hukichonga mpaka mfupa urudi karibu na ulivyokuwa. Karibu na ulivyokuwa! Nilipolisikia hilo nilisikitika kidogo, nimepoteza mahubiri. Halafu nikamwangalia mke wa ndugu yetu. Yule mama haombi mume mwenye mguu wa chuma wa kushangaza mataifa. Anaomba mguu uwe kama ulivyokuwa mwezi wa nne.

Nilimtembelea pia mzee mmoja jirani yetu, Mwislamu, ambaye kwa miaka mingi watu wa pande hizi wamempelekea mikono na miguu iliyovunjika. Nilimwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza anaungaje mfupa. Akacheka.

"Mimi siungi," akasema. "Mimi naufunga mabanzi usicheze. Anayeunga ni Mwenyezi Mungu, na Yeye hana haraka."

Nikamuuliza kazi yake ni nini basi, siku zote hizo. Akanyoosha vidole. Asubuhi anashika vidole vya mguu wa mgonjwa, adhuhuri anashika, jioni anashika. Vikiwa vya baridi au vimebadilika rangi, au mgonjwa hasikii akiguswa, analegeza mara moja. Na akikuta mfupa umetoka nje ya ngozi, haugusi, anasema mpelekeni Msambweni. Si wote walio na hekima hiyo. Kuna waliofungwa mabanzi kwa kukazwa mno mpaka damu ikakosa njia na mguu ukaoza, kwa hiyo mimi bado nasema hospitali kwanza. Lakini mzee yule alikuwa anajua mpaka wa kazi yake, na mimi mwenye kipaza sauti nilikuwa siujui wangu.

Haya, tufungue Biblia.

Katika 2 Samweli 4:4 kuna mtoto wa miaka mitano, Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Habari zimefika kutoka Yezreeli kwamba baba na babu wameuawa vitani. Yaya anamnyakua mtoto akimbie naye. Nia yake ni njema, si ndiyo? Anataka kumwokoa. Lakini Neno linataja haraka yake, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Nimekaa na mstari huo mmoja kwa majuma. Mtu aliyempenda mtoto ndiye aliyemwangusha, kwa sababu ya haraka. Hakuna adui katika mstari ule.

Sasa nenda sura ya 9. Miaka imepita, Daudi ni mfalme, anaulizia kama kuna yeyote wa nyumba ya Sauli aliyebaki amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Anaambiwa yuko mmoja, kule Lo-debari, ana kilema cha miguu. Anamtuma mtu amlete. Mefiboshethi anaingia akiogopa, anaanguka kifudifudi. Na hapa mimi ningekuwa Daudi, na kanisa limejaa, ningejua la kufanya! Ningemwambia simama utembee.

Daudi hakumwambia hivyo. Soma sura yote, hutaona. Alimwambia asiogope, kisha akafanya mambo mawili ambayo yananifurahisha mimi mtu wa hesabu. Kwanza, akamrudishia mashamba yote ya Sauli. Sasa shamba kwa mtu asiyeweza kutembea ni nini? Ni mzigo. Daudi alijua. Kwa hiyo, pili, akamwita Siba, yule mtumishi wa Sauli, akamwagiza yeye na wanawe na watumishi wake walime na kuleta mavuno. Maandiko yanatoa hesabu kamili: Siba alikuwa na wana 15 na watumishi 20. Pamoja na yeye mwenyewe ni watu 36 wa kulimia nyumba ya mtu mmoja asiyeweza kulima. Na Mefiboshethi alikuwa na mtoto mdogo, Mika, mstari wa 12. Daudi aliona nyumba nzima, hakuona miguu peke yake. Juu ya hayo yote akamketisha mezani pake, kama mmoja wa wana wa mfalme, siku zote. Na sura inafungwa kwa kututajia tena ile miguu miwili. Hakupona! Alikula mezani pa mfalme akiwa kiwete, na hakuna aliyemngoja apone ndipo apewe sahani.

Najua kuna anayeuliza moyoni: Pasta, umeacha kuamini miujiza? Sijaacha. Naamini kwamba yule mtu wa mlango wa hekalu, Matendo sura ya 3, nyayo zake zilitiwa nguvu saa ile ile. Mungu akitaka kuunga mfupa kwa dakika moja, ni wake. Lakini tazama jinsi Yesu mwenyewe alivyofanya. Luka 17, wale wakoma kumi aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa watu waliokuwa na kazi ya kukagua na kuthibitisha. Yesu hakuogopa uponyaji wake ukaguliwe. Ningekuwa na hakika na nilichosema usiku ule, ningemwambia ndugu yetu, nenda hospitali kesho na plasta yako, wapige picha, turudi tumshukuru Mungu. Sikusema hivyo. Tangu leo katika kanisa hili tukikuombea ukasikia umepona, utabaki na plasta yako na utaenda tarehe uliyopewa. Mchungaji na wazee wamekubaliana juu ya hilo.

Na Marko 5. Binti Yairo, miaka 12, amekufa. Yesu anamshika mkono, anamwamsha, anatembea. Muujiza mkubwa kuliko huo ni upi? Watu wameshikwa na mshangao. Katikati ya mshangao ule Yesu anatoa agizo la jikoni: apewe chakula. Mstari wa 43. Nimehubiri sura hiyo labda mara sita na kila mara niliishia kwenye kufufuka. Sikuwahi kufika jikoni.

Sasa hesabu. Nyumba ya ndugu yetu ina watoto wanne. Tuseme pakiti moja ya unga, kilo mbili, kila siku. Wiki 16 ni siku 112, ni pakiti 112. Tuiweke pakiti shilingi 150 ili hesabu iwe nyepesi: shilingi 16,800. Hapo sijaweka mboga, mafuta, wala sabuni. Usiku wa lile kesha tulikodi spika na jenereta kwa shilingi 18,000. Sahihi iliyo kwenye karatasi ile ni yangu.

Sisemi tusikodi spika. Nasema nilisaini hiyo na sikuwahi kuulizwa, wala sikujiuliza, juu ya ile nyingine. Tulimpelekea maombi kila Alhamisi, hilo ni kweli, na wamama walifika siku ya kwanza na kikapu. Siku ya kwanza. Mfupa ulikuwa unahitaji kikapu cha wiki ya saba. SHA inaweza kusaidia bili ya hospitali kwa aliyejiandikisha na kulipa, lakini SHA haipiki ugali. Mtu mwenye njaa nyumbani hawezi kumngoja Mungu polepole, hata awe na imani ya namna gani. Atakata plasta. Na akipata pasta wa kumwambia amepona, ataikata kwa furaha.

Mwili nao unajenga kwa kile unachopewa. Muuguzi wetu aliniambia mfupa haujengwi kwa maziwa peke yake kama tunavyodhani. Unataka kunde, maharagwe, mayai, dagaa hawa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani, na jua, ambalo hapa kwetu ni bure. Kwa hiyo chai ya rangi na muhogo mtupu kwa miezi minne hautajenga mguu hata tukifunga siku 40.

Kuna upande wa pili, nisije nikaeleweka vibaya. Mfupa usiobebeshwa chochote unadhoofika. Daktari mmoja wa Ujerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu mwaka 1892 kueleza kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ndiyo maana hata wanaanga, ambao huko juu miguu haibebi kitu, mifupa yao hupungua. Kwa hiyo wakati ukifika daktari mwenyewe atasema, anza kukanyaga. Kidogo. Kesho zaidi kidogo. Itauma kiasi na utaogopa. Kuna waliopumzika mpaka goti likakakamaa, na kuna watu humu mliumizwa na kanisa fulani, au na sisi, mkakaa nyumbani mkisema napona kwanza. Sitakukimbiza. Nimejifunza. Lakini njoo hata ukae karibu na mlango.

Na si miguu tu inayovunjika. Wagalatia 6:1, Paulo anaagiza mtu aliyenaswa katika kosa arudishwe mahali pake kwa upole. Neno la Kiyunani alilotumia ndilo lile lile la Marko 1:19, Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu, na waganga wa Kiyunani wa kale walilitumia kwa kurudisha mfupa au kiungo mahali pake. Nenda pwani hapo jioni umtazame mvuvi na wavu uliochanika. Hauvuti. Anautandaza juu ya magoti, jicho moja baada ya jingine, na siku hiyo haendi baharini. Na ule mstari wa pili, unaofuata papo hapo, ni kuhusu kubebeana mizigo. Paulo hakuweka hata pumzi katikati. Sisi tulimchukua mjane, wiki ya tatu baada ya mazishi, tukamwambia acha kulia, cheza mbele za Bwana. Akacheza. Mimi nilikuwa kwenye kinanda. Hakuna aliyemuuliza karo ya muhula ule inatoka wapi. Dada yangu, unasoma karatasi hii, na hili pia naomba msamaha.

Ndugu yetu yuko wiki ya tisa tangu upasuaji. Amekubali kuketi pembeni mwa njia ya katikati ili mguu upate nafasi. Naombeni msimuulize atayatupa lini magongo. Muulizeni habari za watoto. Mahali pa pili aliponisahihisha ni hapa: nilikuwa nimeandika kwamba amenisamehe kabisa. Akapiga mstari juu ya neno "kabisa", akasema, "Andika tu kwamba tunaendelea, Pasta. Si umesema mwenyewe hauna haraka?"

Vikundi vya ushirika wa nyumbani vimeshika zamu ya chakula tangu mwezi uliopita, kila kimoja wiki moja, mpaka daktari atakapomruhusu kurudi kazini, si kabla. Wiki hii ni vijana. Unga, kunde na mafuta mkabidhi mama mwenyewe mkononi, na msipige picha. Kuni zipo za kutosha, msilete tena.

Picha yake ya hospitali inayofuata ni Jumanne, Msambweni, na anatakiwa kuwa pale saa mbili asubuhi. Boda hawezi kupanda, mguu haukunji vizuri bado. Mwenye gari, au anayemjua mwenye gari, anione baada ya ibada. Mafuta nitaweka mimi.